Buti za Mapendo

Jumamosi, Juni. Baridi ya kukata masikio hapa Rosettenville, Joburg. Jua lipo, lakini la kuangalia tu. Leo kazi imenishinda. Mezani kulikuwa na viatu sita vya watu, na simu yangu.

Binti yangu Mapendo yuko Krete. Ndiyo, kile kisiwa ambacho meli ya Paulo ilipita. Kazi yake ilimpeleka huko kwa mafunzo, na leo siku ya mapumziko ameamua kutembea kando ya bahari, toka kijiji kimoja mpaka kingine. Hakuna barabara ya gari. Ni njia ya mbuzi juu ya mawe, halafu jioni unapanda boti ya mwisho. Yuko peke yake.

Asubuhi alinitumia sauti, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Papa, naanza sasa. Masaa sita. Buti iko sharp, asante eh."

Hiyo asante ndiyo imeniharibia siku.

Mimi ni fundi viatu, mwaka wa ishirini huu. Hizo buti nilizitengeneza mwenyewe, soli zilikuwa zimeanza kuachia. Niseme ukweli hapa, maana sijawahi kuusema popote: huwa nashona puani mwa kiatu na kisiginoni tu. Hapo ndipo mteja anaangalia. Pembeni napaka gundi, juu yake rangi, basi. Kwenye lami ya Joburg inashika miezi. Kwenye mawe ya moto, eish.

Aliniuliza, "Papa, umeshona yote?" Nikasema yote. Sikuwa na hasira naye, wala sikuwa na haraka. Mkono umezoea tu.

Kwa mtoto wangu.

Saa tano nikampigia. Hapatikani. Nikamtumia sauti: "Mapendo, rudi. Pembeni sikushona." Tiki moja, haijamfikia. Alikuwa amenifungulia ile ramani ya kuonyesha alipo, na kile kidoti cha bluu kilikuwa kimesimama katikati ya safari, huku mwamba, huku maji. Ni mtandao, au ameanguka? Nilikikodolea mpaka macho yakauma.

Juma, kinyozi Mtanzania tunayegawana naye chumba cha kazi, akanicheka: "Mzee, binti anakula upepo wa Ulaya, wewe umenuna kama umefiwa!"

Nilikuwa naomba, na maombi yenyewe ya aibu: nilimwomba Mungu ashikilie gundi.

Saa kumi na moja ujumbe ukaingia. "Nimefika kwenye boti. Soli ilifunguka upande, nimefunga na kamba ya begi. Nimeanguka mara mbili, ni goti tu. Sauti yako nimesikia sasa. Papa, kwa nini ulisema yote?"

Nimeandika jibu mara nne. Nimefuta mara nne.

Nyumbani nikamwambia mama yake. Nilidhani atapiga kelele. Akaingia chumbani, akatoka na viatu vyake vya kanisa, vile nilivyomtengenezea wakati wa Pasaka. Akavigeuza, akapitisha kidole pembeni, polepole, akaviweka mezani mbele yangu.

"Papa Mapendo," akasema, "na hivi?"

Kesho ni Jumapili. Kimoja nimemaliza, nimeshona pande zote. Cha pili kiko mkononi. Lakini yule wa kule, mwenye goti lake na kamba ya begi, nitamshonea nini toka huku?