Karatasi ya Saba Iko Simi-Simi

Mpendwa Yaya Régine, dada yangu mkubwa,

“Wakati wa vita, hadithi ni anasa. Mwenye njaa anataka karanga, hataki karatasi.” Hayo aliyasema juzi mwenzangu anayefundisha hesabu, katika kikao cha walimu, akitaka vipindi vya kusoma hadithi viondolewe kwenye ratiba. Nilisimama kumjibu. Unanijua, dada yangu: zamani ningembana mpaka aombe maji. Safari hii nilisimama, nikaangalia nyuso za wenzangu, nikaketi tena. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa lako, na sikuwa na haki ya kulitumia kabla sijasema nawe.

Basi nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko nilikokutukana.

Askari walipobeba kila kitu nyumbani kwangu, hata milango, nilikuja kwako na sanduku moja la bati lililojaa vitabu. Hukuuliza kwa nini nimeokoa vitabu nikaacha sufuria. Ulisema tu, “Ingia, mudogo wangu, ugali iko,” ukasukuma sanduku chini ya meza. Mto ulikuwa umefungwa, meli hazipandi tena, na wewe ulikuwa unauza karanga mtaani Makiso, njia ya bandarini, ukizifunga katika karatasi za madaftari ya zamani ya ofisi. Karatasi hizo zilipokaribia kwisha, ulifungua sanduku langu.

Sikujua. Asubuhi moja nikitoka shuleni nilikuta watu wamezunguka meza yako, na Papa Faustin, yule mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, amesimama na baiskeli yake katikati ya mapaja, anasoma kwa sauti. Mkononi mwake, iliyokunjwa na kukunjuliwa, na alama ya mafuta ya karanga, ilikuwa karatasi ya kitabu changu.

Baadaye ndipo nilipojua utaratibu wako. Karanga zote ulifunga katika madaftari, isipokuwa fungu moja kila asubuhi, lililofungwa katika karatasi ya hadithi uliyoikata kwa wembe. Aliyelipata alipaswa kuisoma mbele ya wote kabla hajala hata punje moja. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani. Kisha karatasi ilikuwa yake, na pembeni ulikuwa umeandika jina lake kwa penseli ili usisahau nani ana sehemu gani.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kale, fupi, ya karatasi saba. Mjane anapeleka saa ya marehemu mumewe kwa fundi. Fundi anaitengeneza siku ileile, lakini kila mara mjane akirudi anamwambia bado, aje kesho. Mimi niliwahi kuiandikia makala ndefu, nikieleza kwamba inahusu wenye mali na namna wanavyomiliki hata wakati wa wengine. Nilijibishana na watu juu yake miaka mingi. Sasa nakuta watu wa bandarini wanaibishania bila mimi.

“Ule fundi iko mwizi,” Papa Faustin alisema. “Saa imepona, anaificha!”

“Mwizi wa nini?” akajibu mama anayeuza mawese. “Papa, wewe hujaonaka mwanaume anatafuta sababu?”

“Bon, aseme basi! Mudomo iko nayo!”

Nawe ukacheka, ukisukuma karanga kwa kiganja. “Hajue tu namna ya kumuambia mutu: bakia kidogo.”

Nilipaswa kukaa pale nisikilize, kwa sababu kwa sentensi hiyo moja ulikuwa umeishinda makala yangu yote. Badala yake nilinyang'anya karatasi mkononi mwa Papa Faustin, nikakuita muuaji wa vitabu. Nilisema hujui thamani ya ulichokigusa. Nilisema na mengine ambayo siyarudii hapa, maana waliokuwepo wanayakumbuka vya kutosha.

Hukupandisha sauti. “Vitabu vyako viko miaka mingi mu sanduku,” ulisema. “Hata panya ilichoka navyo. Leo watu kumi wamesikia. Rudisha karatasi ya papa, halafu uende kupumuzika.”

Nikairudisha. Ilikuwa karatasi ya nne.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua. Ya tano na ya sita nilizisikia. Nilisimama nyuma ya ukuta wa duka lililofungwa, ng'ambo ya barabara, kama mtu anayekwepa mdai, na nilisikia kila neno. Nyumbani tulikula sahani moja bila kusemezana. Asubuhi ya saba nilitoka nyuma ya ukuta, nikavuka barabara nije kukuambia nimekosa. Ulikuwa umempa fungu la hadithi yule mama mjane wa mtaa wa Simi-Simi, aliyekuja kila siku na hakuwahi kusema neno. Alikuwa anakunjua karatasi. Papa Faustin alikuwa anamwambia, “Taratibu, mama, isipasuke.”

Ndipo majeshi mawili ya wageni yaliyoushika mji wetu yakaanza kupigana juu ya vichwa vyetu. Kombora la kwanza lilianguka upande wa mto. Watu wakatawanyika. Nilikuona unakimbia na beseni lako, nikaita, hukusikia. Wewe ukapata mtumbwi wa kuteremka mto hadi Yanonge, mimi nikajificha siku zote zile za mapigano chini ya ngazi za jirani. Homa ilikukuta huko, dawa hakuna, na habari ilinifikia ukiwa umekwisha kuzikwa.

Nimechoka, Yaya. Nimechoka kushinda mabishano. Papa Faustin akinikuta njiani hunipakia bure kwenye toleka yake na kuuliza jambo moja tu: “Professeur, donc ule mujane, saa yake alipata?” Nami, niliyeisoma hadithi hiyo mara ngapi sijui, siwezi kumjibu. Nakumbuka yote niliyoyaandika juu yake. Yenyewe siikumbuki.

Lala salama, dada yangu. Ugali wako nilikula, ila asante sikusema.

Na ninyi mnaoisoma barua hii: wewe, mwalimu wa hesabu, njoo Jumamosi asubuhi pale njia ya bandarini. Nitaweka meza na karanga. Ninyi sita ambao majina yenu yako pembeni kwa penseli ya dada yangu, leteni karatasi zenu. Mtasoma kwa zamu, kisha mtarudi nazo nyumbani. Na wewe, mama wa Simi-Simi, ambaye jina lako alilijua yeye peke yake: sikudai karatasi yako. Alikupa, ni yako. Ila njoo nayo. Kama hujui kusoma, mpe Papa Faustin. Mimi nitakaa kimya, nisikilize mpaka mwisho, na ukitaka kuondoka nitakuambia: bakia kidogo.

Mdogo wako wa nyuma ya ukuta