Tangi Lililomwagwa Merigi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Wilaya ya Bomet, Ijumaa tarehe 13 Februari 1998, saa tano asubuhi.

Jina: Priscah Chepkosgei
Umri: miaka 31
Kazi: fundi wa maabara ya mifugo, Kericho
Makao: Litein, karibu na soko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza niliyoyaona mwenyewe.

Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, mvua ya El Nino ilipozidi na mbu wakajaa hadi kwenye mashamba ya majani chai, kuku walianza kufa wakiwa na vidonda vyeusi kichwani na mdomoni. Ilionekana ni ndui ya kuku, ambayo virusi vyake hubebwa na mbu. Lakini hata kuku waliochanjwa walikufa. Daktari wa mifugo Johana Kiptum, ambaye mimi ni msaidizi wake, alitaka kujua sababu.

Mnamo Alhamisi tarehe 29 Januari tulienda Merigi, tukatoa damu na magamba ya vidonda kwa kuku wa maboma saba, na kwa ndege wa porini tuliowanasa kwa wavu. Boma la kwanza lilikuwa la Marcella Cheptoo, dada mdogo wa marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa na kuku sitini na wanne, watatu wagonjwa.

Aliniuliza, "Priscah, hii sindano haitawadhuru?"

Nikamwambia, "Haina shida, mama mdogo."

Majirani walikubali kwa sababu yeye alikubali.

Umeniuliza, Koplo, tulikuwa tunatafuta nini. Kila kirusi kina maagizo ndani yake, kama maandishi ya herufi nne tu zinazorudiwa maelfu kwa maelfu. Ukisoma mpangilio wake unajua ni kirusi gani, kimebadilika wapi, na pengine chanjo gani itakizuia. Maabara moja ya Nairobi ilisoma kipande kidogo cha maandishi hayo kutoka kwa kuku wa mwezi wa kumi na mbili, ikatuandikia kwamba hakifanani na kile cha chanjo. Kukisoma chote ilibidi sampuli ziende ng'ambo. Tulizihifadhi ndani ya tangi la naitrojeni, ile hewa iliyogeuzwa maji ya baridi kali, inayotunza mbegu za kupandishia ng'ombe.

Jumatano tarehe 11 Februari tulikuwa tunapeleka tangi hilo Nairobi kupitia Narok. Mama mdogo alikuwa ametuma habari kwamba kuku wanaisha. Mimi ndiye niliyemwomba Daktari tupitie kwake.

Tulifika saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kulikuwa na watu kama thelathini. Kuku waliokufa walikuwa wamepangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Mama mdogo hakunipa mkono.

Jirani anayeitwa Kipchoge, ambaye zamani alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe, alipanda nyuma ya pikapu yetu.

"Hili tangi nalijua," alisema. "Ni la kupandisha ng'ombe. Na nyinyi mumepandisha kuku zetu ugonjwa."

Daktari akamjibu, "Mzee, hata za wale hatukudunga zinakufa. Uliza watu."

Mwanamke mmoja akasema, "Mulikuja hapa kwa Marcella tatu zikiwa wagonjwa. Leo hakuna hata moja imesimama."

Hiyo ilikuwa kweli.

Kipchoge alilivuta tangi. Daktari alikuwa chini, akalishika upande wa pili. Likaanguka kwa upande, kifuniko kikatoka. Moshi mweupe ukatoka na watu wakarudi nyuma. Naitrojeni ilimwagika ndani ya gambuti za mpira za Daktari. Alipiga kelele mara moja, halafu akaketi, akawa anajaribu kuvua gambuti na hazitoki.

Nilitaka kumkimbilia. Mama mdogo alinishika kutoka nyuma kwa mikono miwili. "Tulia, mtoto wangu, watakuumiza." Nilimwambia aniache. Umeniuliza kama alikuwa mmoja wa kundi hilo. Sijui nijibu vipi. Najua tu kwamba alinishika mpaka yakaisha.

Kipchoge ndiye aliyekata gambuti kwa kisu. Alipoona rangi ya miguu alisema, "Mungu wangu, sikujua itamchoma," akakimbia barabarani kusimamisha lori la majani chai. Mimi sijui kuendesha gari, na dereva wetu alikuwa Daktari mwenyewe, kwa hiyo lori hilo ndilo lililotupeleka hospitali.

Chupa ndogo za sampuli zilikuwa arobaini na moja. Nyingi zilikanyagwa. Niliokota kumi na tano, nikazifunga kwa leso. Umeme ulikuwa umepotea Merigi yote, na hata friji ya kawaida isingesaidia. Tulipofika hospitalini zilikuwa zimeyeyuka na zina joto la mkono wangu.

Jana daktari wa hospitali aliniambia mguu wa kushoto utakatwa. Johana aliniuliza, "Sampuli ziko?" Nikamwambia ziko. Huo ulikuwa uongo, na nataka uandikwe.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilimkuta mzee kutoka Siongiroi mlangoni kwangu Litein. Alikuwa ameulizia nyumba yangu tangu stendi. Alibeba kuku mgonjwa kwenye katoni, amemtobolea matundu ya hewa. Alisema, "Nimesikia nyinyi ndio munasoma ugonjwa. Mutoe damu yake, mimi sina ubaya."

Nilimwambia arudi naye nyumbani.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, na sina la kubadilisha.

Sahihi: P. Chepkosgei

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Kiptanui, kwa Kiswahili, na shahidi ametia sahihi mbele yangu saa sita na robo. Nilimwuliza mara ya pili kama Marcella Cheptoo awekwe kwenye orodha ya washukiwa. Alinirudishia kalamu. Nafasi hiyo nimeiacha wazi.