Senti Hamsini ya Kaka Mfaume

Chamazi, Mbagala,
Dar es Salaam.
23 Februari 2025

Mpendwa kaka Mfaume,

Shikamoo. Wifi hajambo huko Durban? Na goti lako je, linakuruhusu kusujudu siku hizi? Sisi wazima, ila joto limetukalia vibaya na kila mtu anaulizia mvua. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishapata chai yake ya tangawizi anapata na nguvu za kutugombeza.

Kaka, simu yako ya mwezi uliopita ilimuumiza. Alikwambia anataka kutugawia shamba angali hai, ukamjibu tugawane wenyewe, wewe huna chako tena Chamazi. Tangu siku hiyo akawa anazunguka shambani na bakora yake akitafuta ulipokuwa mnazi wako.

Unaijua desturi yake. Kila mtoto, kitovu chake alikizika chini ya mche wa mnazi, akatia na sarafu. Mnazi wangu bado unazaa. Wako ulipigwa na radi wewe ukiwa umeshaondoka, kisiki kikaoza, na mzee kapasahau mahali penyewe. Alitaka sehemu yako ianzie hapohapo, basi usingizi ukampaa.

Ndipo akaja Alireza, mjukuu wa mzee Nazarali aliyekuwa akituuzia vitambaa vya sare za shule. Anakusanya sarafu za kale, na Jumapili hupita mashambani na mashine inayolia ikikuta chuma ardhini. Baba alimruhusu kwa sharti moja tu, aitafute yako.

Siku ya kwanza tulipata vizibo vya soda, jembe lisilo mpini na sarafu moja ya Mjerumani. Hiyo ndiyo iliyotuponza. Hadi jioni mtaa mzima ulishajua kwamba kwetu, kwa mzee Mwinshehe, imezikwa mali ya Mjerumani, na kulipokucha jirani yetu Salumu alikuwa mlangoni na wenzake saba, kila mmoja na jembe lake. Nilitaka kuwafukuza. Baba akanivuta kanga: "Waache, mwanangu. Masika hiyo inakuja." Walichimba siku mbili wasipate kitu, na shamba letu halijawahi kulimwa vizuri namna ile.

Jumapili iliyopita Alireza alirudi, na mashine ikalia karibu na kile kisima kilichofukiwa. Nilifukua kwa mikono yangu: senti hamsini ya 1966, mwaka wako, yenye picha ya sungura. Baba alikaa chini palepale akalia. Nami nikalia, na Alireza wa watu akawa anaangalia pembeni.

Nikamuuliza Baba mie niliwekewa nini. Senti tano ya samaki, akasema bila haya. Nikanuna kweli kweli, kaka, na umri wangu huu. Akacheka: "Sungura si ndo huyo kakimbia? Samaki wangu yupo."

Sarafu yako ameirudisha shimoni mwenyewe na kupanda mche mpya juu yake. Kwa sasa namwagilia mimi, ingawa ameshanikumbusha kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Kila akitoka kuutazama huniuliza kama umepiga simu. Mpigie. Umwambie lolote, lakini usimwambie tena kwamba huku huna chako.

Shangazi Nusaiba anakusalimu, na Salumu pia, ambaye bado hajakata tamaa na Mjerumani wake. Mbusu wifi na watoto. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atujalie tuifikie sote, na Idi mojawapo tuile pamoja.

Dada yako akupendaye,
Mwanaheri wa senti tano