Ncha ya Kalamu ya Baba

Torino, Italia
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka Swaleh,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulizaliwa kabla yangu, na hilo siwezi kulibadilisha. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe je? Wifi Zuhura mgongo umemwacha? Na Mama miguu yake vipi, bado inamvimba akisimama sana jikoni? Nataka jibu la kweli, si lile lako la "sote hatujambo" unaloniandikia kila mwezi mpaka nimelihifadhi.

Usishangae mwandiko. Utaona herufi zimekwaruza, wino umeruka hapa na pale, na pengine karatasi imetoboka. Si baridi iliyonifanya hivi, ingawa baridi ya huku hata vidole vya miguu huvihisi. Sababu utaikuta chini. Ila soma peke yako kwanza, usimsomee Mama. Najua wewe ndiye mdomo wa barua zangu, kwa kuwa Mama herufi za Kizungu hazijui, na sasa najua pia kwamba huchagua la kumsomea na la kuruka.

Kazi ni ileile. Asubuhi namwogesha Sinyora, namgeuza ubavu, namlisha uji wao usio na sukari wala nazi. Mkono wake wa kulia bado haujarudiwa na nguvu. Mchana akilala, Injinia mumewe hunipa kazi yake ya pili, ambayo sijawahi kukueleza vizuri. Ni kalamu. Mzee huyu aliyejenga mahoteli huko kwetu Malindi, ambaye ningedhani anapenda saruji tu, ana kalamu za wino zaidi ya mia, zote za Kitaliano, zote za zamani, za wakati Baba na Mama bado vijana. Zimelala ndani ya makabati yenye droo nyembamba, kila moja na kitanda chake cha mahameli, kama watoto wa mfalme.

Kazi yangu ni kuzifuta kwa kitambaa laini na kuzipunguzia joto. Hazipendi jua, na hazipendi kufungiwa. Si plastiki hizi, kaka. Ni kitu kiitwacho seluloidi, na Injinia ameniambia hutengenezwa kwa pamba na kafuri. Kafuri hii hii yetu. Siku ya kwanza nilipofungua droo ilinipiga puani nikarudi nyuma, nikasema "Inna lillahi" kwa sauti, kwani mimi kafuri naijua kwa kuosha maiti tu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lakini ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ukiipeleka dirishani utaona rangi imeingia ndani kwa ndani: kuna ya asali, kuna ya kijani kibichi yenye vumbi la lulu, kuna ya mistari myeusi ambayo katikati yake unauona wino ukicheza. Nimezipenda. Nimekaa saa nzima na kalamu moja mkononi bila kujua muda umepita.

Sasa nisikilize. Jumapili mbili zilizopita walikuja wenzake watatu, wazee wa kalamu kama yeye, na miwani yao ya kukuzia. Injinia akatoa kalamu ambayo sikuwahi kuiona, kwani alikuwa nayo chumbani mwake. Ya asali, mistari myeusi, pete tatu za dhahabu kwenye kifuniko. Nikaiona ya Baba, nikajiambia, Rukia, tulia, zilitengenezwa nyingi. Nikaendelea kumimina kahawa.

Mzee akaijaza wino, akaandika jina lake. Ikakwaruza, kr, kr, kr, kama kuku anaparua. Akajaribu tena, ikatema tone. Wenzake wakaipokea mmoja mmoja, wakaitazama ncha kwa miwani yao. Wakasema ncha imeliwa upande usio wake. Injinia akatikisa kichwa, akasema: "Kalamu nzuri hivi! Masikini. Aliyekuwa nayo hakujua kuandika."

Hakujua kuandika, Swaleh! Nilibaki na birika hewani.

Nikafuta mikono kwa aproni, nikamwambia, "Sinyore, niruhusu." Akanipa kwa mshangao tu. Nikaivuta karatasi, nikaanza kuliani kuja kushoto, kwa khati zetu za Kiarabu, Bismillahi Rahmani Rahimi. Wallahi haikukwaruza hata mara moja. Iliteleza kama samli kwenye chapati ya moto. Na kunenepa kwa mstari, na kukonda kwake, na ile nuni ya Rahmani iliyokaa kama bakuli, vyote vikatoka kama kwenye hati za ndoa alizoziandika Baba kwa miaka ishirini na saba pale Malindi. Ncha haikuharibika. Ilikuwa imezoea mkono wa mtu, na mtu huyo aliandika kuliani kwenda kushoto.

Nikakigeuza kifuniko. Zile alama za meno yangu mawili zipo palepale, nilizoziacha nikiwa na miaka minne, siku Baba aliponinyang'anya huku akicheka na kusema mtoto huyu ana njaa ya elimu.

Wageni wakapiga makofi, wakanitazama kama kasuku aliyesema. Injinia akafurahi kuliko wote, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ya marehemu babangu hii, aliyepewa na mfungwa wa vita wa Kitaliano baada ya kumuuguza homa kwenye kambi ya barabara. Nikamuuliza yeye kaipata wapi. Akajibu bila kuficha, kwani hana la kuficha: "Nilipewa na ndugu yako Swaleh, mwaka ule nilipomkabidhi funguo za nyumba yangu ya ufukweni. Aliniambia kwenu hakuna anayeijali."

Hakuna anayeijali. Umelisema neno hilo kwa mdomo wako huo huo unaosomea barua zangu?

Mimi nilimlilia Baba miezi minne, na kalamu hiyo pamoja naye. Wewe chuoni kwenye Kurani ulikuwa ukiruka dirisha kwenda kuogelea, mimi ndiye niliyekaa naye barazani akanishika mkono akanifunza kuikata alifu. Aliposhikwa na maradhi yake ya mwisho alisema mbele yako na mbele ya Mama: kalamu ni ya Rukia. Tukaitia kwenye kijaluba cha Mama, kile kisanduku chake kidogo, tukasubiri arobaini ipite. Arobaini ilipopita, kijaluba kitupu. Na wewe ukasimama katikati ya ua ukauliza, kwa sauti ya mtu mwenye uchungu, "Ni nani mgeni anayeingia chumba hiki?"

Mgeni! Kadzo alikuwa nasi miaka kumi na mmoja. Kadzo wa Tezo, aliyekupikia, aliyekufulia, aliyemshika Baba mgongo akitapika wewe ukiwa mpirani. Nakumbuka alivyosimama na ufagio wake, akamwambia Mama, "Mimi hata kusoma sijui. Kalamu nitaifanyia nini?" Na wewe ukamjibu, "Utaiuza." Upesi hivyo, kama mtu aliyekwisha kulifikiria. Mama akamwambia maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu. Kadzo akafunga mzigo wake, akatoka kwa mlango wa nyuma, na majirani wote wanatazama. Mpaka leo akiuza mboga sokoni Kilifi kuna wanaoshika mikoba yao akipita. Mimi mwenyewe nilimpita siku moja nikaangalia pembeni. Hilo ni langu, nitalijibu mimi. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza, ukala chakula chako.

Na mimi mjinga nilikuwa nikijisifu. Nilidhani Injinia aliniita huku kwa sababu alisikia mikono yangu ni mizuri kwa wagonjwa. Kumbe tiketi yangu nayo ilitoka kwenye kijaluba kile kile. Hata hasira yangu umeninunulia wewe.

Utauliza, basi si nimeipata? Hapana. Nilimwomba Injinia anirudishie. Alinipa pole, akanishika bega, akasema zawadi hairudishwi, na kwamba kwake itatunzwa kuliko kwa mtu yeyote. Siku ya pili akaipeleka kwa fundi ing'olewe ncha, itiwe nyingine inayoandika kwa upande wao. Nilimsihi asifanye. Akanieleza kwa upole, kama anavyomweleza Sinyora dawa zake, kwamba kalamu isiyoandika ni pambo. Sasa imerudi, inang'aa, inaandika jina lake vizuri. Ukinipa leo siitaki.

Ile ncha kuukuu ilirudi ndani ya kikaratasi. Nikaiomba. Akasema chukua, dhahabu yake ni kidogo lakini yatosha kutengeneza kipini cha pua. Kipini! Nimeifunga kwa uzi kwenye kijiti, naichovya winoni, ndiyo ninayokuandikia. Kwa herufi hizi za Kizungu inagoma. Kila mkwaruzo unaouona kwenye karatasi hii ni mkono wa Baba unaokataa.

Sasa linalokuhusu. Nimeandika barua mbili leo. Ya pili ni ya Mama, kwa khati zetu, kwa ncha hii hii. Humo hamna mkwaruzo hata mmoja. Nimemweleza yote, na habari ya kumpita Kadzo sokoni pia nimeiandika. Mama ataujua mwandiko kabla hajasoma neno, na atasoma mwenyewe, hatahitaji mdomo wako. Usiitafute kwenye bahasha hii. Nakujua, ungeitia jikoni. Naituma Tezo, kwa anwani ya shule anayofundisha mwanawe Kadzo, pamoja na kikaratasi cha kumwomba mamake radhi, naye amsomee. Nimemwomba Kadzo aipeleke kwa Mama kwa mkono wake, aingie kwa mlango wa mbele.

Kesho nitazitia posta pamoja, na ipi itatangulia Mungu ndiye ajuaye. Ikiwa yako imetangulia, basi una siku moja au mbili. Panda uende Tezo wewe, kabla hajafunga safari. Mwambie kwa mdomo wako, kisha urudi naye umwambie Mama. Ukifanya hivyo, nitakuwa nimebaki na kaka. Usipofanya, kaa hapo na funguo zako za nyumba ya Mzungu.

Nisalimie Wifi Zuhura, hana kosa, wala sidhani ulimwambia. Nisalimie wanao, na uwapeleke chuoni kabla hawajachelewa kama wewe. Shangazi Mwanaidi wa Mambrui mwambie shali yake nimeifuma nusu. Karimbhai wa dukani, aliyekuwa akimwekea Baba wino mweusi hata mwaka wa uhaba, mwambie binti yule bado anaandika. Mama mshike miguu kwa niaba yangu, umkande kwa mafuta ya nazi yenye moto, taratibu, ukiwa unaogopa kidogo.

Kadzo sikutumii salamu zake humu. Anazibeba mwenyewe. Ukisikia hodi na sauti unayoijua, usimtume mtoto. Kamfungulie wewe.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Rukia binti Omari