Kishimo cha Kifuani

Kwa Otose, uliyekuwa mchumba wangu,

Huku hatujambo. Figili za mama zimestawi.

Mumeo Kihei alikuja kuchukua deraya ya vita uliyomwagizia kwangu. Alitia kidole kwenye kishimo cha kifuani, kile kinachobaki tukishaijaribu deraya kwa bunduki, ushahidi kwamba risasi haipenyi. Akacheka: "Fundi, nimekunyang'anya mchumba na bado unanilinda? Bwege we!"

Nami nikacheka. Kishimo kile nilikigonga kwa nyundo, Otose. Chuma chenyewe chembamba kama ganda la yai.

Usijisumbue kutuma mjumbe. Barua hii nimeikalia siku sita, hadi jeshi lao likaingia vitani.

Zile kamba za hariri ulizoisukia deraya kwa mkono wako zimempendeza. Vizuri ulichagua nyekundu. Damu haitaonekana sana.

Ni mimi,
Munesada