Diski Isiyoagwa

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, 22 Aprili 2005

Mdogo wangu mpenzi Sijaona,

Leo nimetimiza miaka kumi na mmoja na nusu kamili tangu niondoke Muyinga. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya dukani, maana ile tarehe 22 Oktoba nayo ilikuwa Ijumaa. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya watoto wako. Goti lako la kushoto linaendeleaje, na mvua za mwaka huu zimekuachia maharagwe yoyote? Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sitini na saba: macho yanataka miwani mizito, lakini mkono bado hautetemeki ninaposhika chuma cha kulehemu, na kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu kila alfajiri.

Barua yako ya mwezi wa pili niliipata. Umeniandikia kwamba tangu mrudi kutoka Kigoma mmeiezeka upya nyumba ya Mama, na kwamba chumba cha upande wa baraza umekipaka chokaa, kinanisubiri. Umeniandikia pia kwamba Adélaïde, jirani yetu, alikuletea maji siku mliposhusha mizigo, nawe ukayamwaga mbele ya miguu yake kwa sababu alimwacha Mama. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya sentensi hiyo moja. Nivumilie. Nitafika hapo, lakini lazima nianze na kazi, kwa kuwa kazi ndiyo iliyonifikisha.

Bado niko dukani kwa Rachid, mtaa wa Quartier Asiatique. Redio siku hizi ni chache. Tunatengeneza kompyuta, na nimejifunza uzeeni kama wengine wanavyojifunza lugha ya ugenini. Wiki tatu zilizopita aliingia mwanamke aitwaye Spéciose, mfanyakazi wa shirika moja lenye ofisi Kinindo. Wamezunguka mikoani wakirekodi sauti za watu wakisimulia yaliyowapata mwaka ule wa mauaji, 1993. Sauti zote, mia mbili na kumi na nne, zilikuwa ndani ya diski moja ya nje, kijisanduku cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Kompyuta yao ilikuwa imeibwa. Nakala nyingine haikuwepo. Na diski ilikuwa na ugonjwa: ukiichomeka inafunguka vizuri, ukianza kusikiliza au kunakili, baada ya dakika tatu au kumi inapotea kama haijawahi kuwepo.

Spéciose aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili. "Mzee," akasema, "hii disque inajikata yenyewe. Mi nimeiombea mupaka nimechoka." Rachid akamjibu kwamba hapa si kanisani, hapa Mungu anasaidiwa na bisibisi. Yule mama akacheka, lakini nikaona alikuwa karibu kulia.

Kisha akatuonyesha wanavyoitumia ofisini: wakimaliza, wanavuta waya tu. Rachid akashika kichwa. "Apana, Mama! Disque inaagwa kwanza," akamwambia. "Iko pa kubonyeza, unaiambia mashine kwaheri, nayo inakuruhusu. Ukichomoa bila kuaga, mashine inafikiri disque iko tu, inabaki inaisubiri na maandishi nusu mukononi. Ni vile mafaili inakufa." Tukacheka wote watatu. Mimi nilidhani ni maneno ya dukani.

Kazi nilipewa mimi, kwa kuwa nina subira. Nitafute kasoro, ninakili kila kitu, halafu nisikilize mwanzo na mwisho wa kila sauti kuhakikisha haikukatwa. Siku ya kwanza nilibadilisha waya, nikaweka mfupi na mnene, ikakata. Nikaitoa kwenye tundu la mbele la kompyuta nikaichomeka nyuma, ambako umeme wake ni imara zaidi; ikakata. Nikazima ule mpangilio unaoiruhusu kompyuta kuvinyima umeme vifaa ili kujiokolea nguvu, ikakata. Mwisho nikailisha kwa matundu mawili badala ya moja, maana diski inayozunguka huweza kuwa na njaa kuliko tundu moja linavyoweza kuishibisha. Ikadumu dakika ishirini na mbili. Nikafurahi. Ikakata.

Katika dakika hizo nilikuwa nimefungua sauti mojawapo bila kuchagua, kujaribu tu. Alikuwa mwanamke mzee, anaongea Kirundi taratibu, anakohoa kabla ya kila jina. Nilimtambua kwa kikohozi kabla hajajitaja. Alikuwa Adélaïde wetu. Alisema jirani yake alikuwa bibi mmoja Mwislamu, mama wa fundi redio, na kwamba miguu ya yule bibi haikuwa ya kupanda mlima tena. Akasema, "Nilimwita mara ya kwanza, naye akanijibu…" Hapo ndipo ilipokata.

Sijaona, nitakuambia jambo la aibu la fundi. Kesho yake asubuhi nilikwisha kujua kasoro iko wapi. Nilipougusa mdomo wa kile kijisanduku, pale waya unapoingia, taa yake ilipepesa. Mtu aliyetengeneza redio miaka arobaini hahitaji zaidi ya hapo. Lakini kwa siku mbili niliendelea kubadilisha nyaya nilizojua ni nzima, nikamwambia Rachid labda ni joto, labda ni umeme wa mji. Rachid akanitania mbele ya wateja: "We mzee, hiyo disque unaitibu ao unaiposa?" Siku ya nne Spéciose alirudi. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, akisubiri. Nikashindwa kuendelea kujifanya sijui.

Nilikifungua kile kijisanduku. Kwa kioo cha kukuzia nikaona ufa mwembamba kama unywele ukizunguka mguu mmoja wa ule mdomo, pale risasi ya kulehemea ilipoachana na bodi kwa kuvutwavutwa. Diski yenyewe haikuwa na neno. Nililehemu, nikaacha ipoe, nikachomeka, nikautikisa waya makusudi. Haikukata. Nikanakili zote mia mbili na kumi na nne, mara mbili, mahali pawili. Kisha nikavaa visikilizio masikioni, nikamsikiliza Adélaïde.

Anasema alimwita Mama mara tatu. Mara ya kwanza alimkuta barazani, amevaa viatu, kibunda cha nguo kimefungwa na Msahafu uko juu yake. Mama akamwambia atangulie, mwanawe Massoudi anakuja na gari kumchukua. Mara ya pili Adélaïde alikuja na mumewe ili wambebe mgongoni hadi kwa masista. Mama akakataa, akasema mtoto wake akija asimkute atahangaika kumtafuta, na njia ni mbaya. Wakiwa hapo akapita Jovithe, yule mpimaji wa kahawa, anatoka sokoni. Mama akamuuliza kama ameniona. Jovithe akajibu kwa haraka kwamba ameniona, niko juu ya gari. Adélaïde anasema Mama alifurahi sana. Mara ya tatu moshi ulikuwa umefika nyumba ya pili, na Adélaïde akamvuta mkono. Mama akautoa mkono wake akasema, "Massoudi hawezi kuondoka bila kuniaga." Adélaïde anakohoa, anasema ndipo walipokimbia. Sauti inaishia hapo. Nilirudia kuangalia: haikukatwa, imeisha.

Sasa ile barua niliyokuandikia mwaka 1994, ukiwa Kigoma, itoe uisome tena. Nilikuandikia kwamba nilifika nyumbani nikakuta mlango wazi, Mama hayupo, na majirani wamekimbia wakamwacha. Sikufika nyumbani. Asubuhi ile nilimwambia Mama afunge nguo zake, nikashuka sokoni kutafuta gari. Nilikuta lori moja tu la kahawa, injini inanguruma, watu wamejaa juu ya magunia. Dereva akasema hapandi mlimani wala hasubiri mtu. Nikapanda.

Hilo peke yake labda ungenisamehe. Hofu ni hofu. Lakini Jovithe alisimama chini ya lile lori. Alikuwa anapanda njia ya kwetu kwenda kuwachukua watoto wake, akaniuliza kama nina neno la kumpelekea Mama. Nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi: asinisubiri, aende na Adélaïde. Ila kulitamka ilikuwa ni kukiri mbele ya lori zima kwamba ninamwacha mama yangu, na watu walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Apana, hakuna." Akaenda zake.

Miaka hii yote nilijishitaki kwamba sikumbeba. Nilisali kwa ajili ya hilo, nilifunga kwa ajili ya hilo. Kumbe mikono ya kumbeba ilikuwepo, ikaja hadi barazani. Kilichokosekana ni neno langu tu.

Spéciose alikuja kuchukua diski yake Jumanne. Nilimfundisha kuiaga. Alibonyeza mwenyewe, akasoma kwa sauti yale maandishi ya Kifaransa kwamba sasa anaweza kuichomoa bila hatari, akageuka kunishukuru, akaniuliza mbona macho yangu mekundu hivi. Nilimwambia ni moshi wa risasi.

Nakuomba, ukimaliza kusoma, uteke maji uende kwa Adélaïde. Umsomee barua hii yote kwa Kirundi, usiruke panaponihusu. Mwambie aliyemwacha Mama ni mimi, na kwamba nilimsingizia yeye kwa wino, nikiwa nimekaa salama hapa mjini. Akikufukuza, rudi tena kesho yake. Watoto wako uwaambie utakavyoona wewe inafaa. Sina haki ya kukuchagulia.

Nisalimie wote wa nyumba hiyo, mkubwa na mdogo, na shemeji yangu usimsahau. Rachid anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Kaburi la Mama ulisomee Fatiha kwa niaba yangu, kama bado jina langu linafaa kutajwa pale. Chumba ulichopaka chokaa mpe Adélaïde, ikiwa atakubali, maana nasikia paa lake linavuja.

Hili ndilo lile neno nililomnyima Jovithe. Usinisubiri, mdogo wangu. Sitarudi Muyinga.

Kaka yako,
Massoudi