Kidonge cha Pili

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimebangua korosho tangu asubuhi. Kisu kimenikwangua kidole gumba, kidonda cha ukucha tu, damu imetoka mpaka karai la pili la korosho za kuchoma likapoa. Kanga imelowa. Newala hii ndoo ya maji unaisubiri kama mgeni wa Ulaya, halafu mimi nafulia damu. Nimeudhika.

Vidonge nimemeza vyote viwili. Aspirini, na kile cha pili, klopidogreli, jina refu kuliko langu. Daktari wa Dar aliyeniwekea kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo mwezi Juni alisema viwili pamoja mpaka Desemba, kisha aspirini peke yake maisha. Wengine huambiwa mwaka mzima. Mimi nina vidonda vya tumbo vilivyowahi kuvuja, kwa hiyo miezi sita. Nikiacha mapema kwa kujiamulia, damu itaganda kwenye kijibomba na moyo usimame. Nikizidisha, nitavuja. Mimi nimeelewa. Ndugu zangu ndio hawataki.

Ijumaa, 9 Oktoba

Pua imevuja. Wifi Somoe, dada wa marehemu mume wangu, kanikuta nimeinamia beseni. Eti damu imechafuka, inatafuta njia. Niache vidonge, aje mzee wa chuku kutoka Masasi anichanje mgongo, aniumike kwa pembe za kufyonza damu. Anichanje mimi, mwenye damu isiyojua kusimama? Nimemwambia mzee wake akija na pembe zake atarudi nazo kavu. Kanuna. Na anune.

Jumapili, 11 Oktoba

Kifurushi cha mwanangu Rashidi kimefika kwa basi kutoka Mtwara. Klopidogreli ya kunifikisha Juni nyingine. Bosi wake naye ana kijibomba, alimeza mwaka mzima, sasa anacheza mpira. Kapiga simu. "Shikamoo mama. Hizo usiache mpaka nikwambie." Marahaba nimeitikia. Hayo mengine sikuitikia.

Bosi ana tumbo lake. Siku hizi kila kona duka la dawa, na kila mnunuzi anatoka daktari. Najua Rashidi ndiye aliyeniuguza Dar, akalala sakafuni kando ya kitanda changu. Ndiyo maana inaniuma. Lakini nilimzaa mimi, hakunizaa yeye.

Jumatano, 14 Oktoba

Choo cheusi. Cheusi kama lami. Kizunguzungu.

Wifi kasema ndiyo, si nilikwambia, tupa vidonge. Situpi kitu. Hospitali ya misheni, sasa hivi. Kaenda kutafuta gari huku ananung'unika. Naogopa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Wodini. Kidonda cha tumbo kimevuja tena. Damu imepungua sana, ilibidi niongezwe, wakataka ndugu wajitolee.

Daktari ni binti mdogo mwenye miwani. Kampigia daktari wa Dar mbele yangu. Wamekubaliana kidonge cha pili kikome leo, kisingoje Desemba. Kwa tumbo hili miezi minne inatosha. Aspirini ibaki, na dawa ya tumbo juu yake. Hatari ya kuziba ipo, hakunificha. Kisha akaniuliza mimi nasemaje. Tangu Juni ndiye wa kwanza nyumbani na ugenini kuniuliza. Nimesema kikome.

Rashidi kwenye simu: "Mama, usiwakubalie! Moyo utaziba!" Analia, mtu mzima yule. Nimemjibu moyo ni wangu na mdomo wa kumezea ni wangu. Nikazima simu. Nimelia na mimi.

Aliyenitolea damu ni wifi Somoe. Yeye! Juzi alitaka nimwagwe, leo kanijaza. Nimemtania kwamba sasa nitaanza kununa bila sababu. Kacheka, kashikilia pamba mkononi.

Jumanne, 20 Oktoba

Nyumbani. Choo kimerudi rangi yake. Kifua kikibana kidogo nasema ndiyo ile hatari ya kuziba imekuja. Haijawa hiyo. Sijamwambia mtu, na sijajuta.

Rashidi kaja. Kaweka maboksi yake mezani. Nimeyachukua nikayarudisha kwenye begi lake. Kayatoa. Nimeyarudisha. Mwishowe kavuta kigoda kunibangulia korosho. Kavunja nusu yake. Nimemwacha avunje.

Jumapili, 8 Novemba

Kisu kimeteleza tena, kidole kilekile. Nimekibana na pindo la kanga, nikangoja. Imesimama kabla karai halijapoa. Nimeitazama ilivyoganda. Inayoganda kidoleni ndiyo hiyohiyo inayoweza kuganda kifuani. Najua.

Nimemeza aspirini, nikaendelea kubangua. Maji ya leo yote nimepikia, sikufulia damu.